Bima ya Vito vya Thamani kwa Kaya ya Karema: Namna ya Kupata Kinga kwa Gharama Nafuu

Katika soko la bima la Tanzania Bara, mtu binafsi anayetaka kukata bima ya mkufu, bangili au pete kwa kawaida hakuti mkataba uliotungwa kwa ajili ya vito peke yake. Anachokuta ni bima ya nyumba na vyombo vya ndani, ambayo vito vinaweza kuingizwa ndani yake kwa masharti maalumu. Kwa hiyo suala la unafuu si kujua tu kampuni ipi ina bei ya chini, bali ni kujua namna ya kuviingiza vito katika mkataba wa nyumba bila kulipa kupita kiasi na bila kubaki na kinga iliyo ya jina tu. Kwa mkazi wa Karema, kata iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, suala hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mawakala wa bima, matawi ya benki na masonara wako Mpanda, zaidi ya kilomita mia moja kutoka ziwani, ilhali vito vyenyewe viko nyumbani, mara nyingi ndani ya sanduku lililosukumwa uvunguni mwa kitanda.

Bima ni mapatano ambayo kwayo kampuni, baada ya kupokea malipo yaitwayo ada, huahidi kufidia hasara itakayotokea kwa sababu zilizotajwa katika mkataba. Neno la kushikwa hapo ni kufidia: mkataba wa mali hulenga kumrudisha mwenye mali katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, wala haulengi kumtajirisha, na ndiyo maana kutaja thamani kubwa kuliko ya kweli hakumletei mteja faida yoyote isipokuwa kulipa ada kubwa bure. Shughuli hii husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na sheria hiyo hutaka mali iliyo nchini ikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, isipokuwa pale Kamishna wa Bima anapotoa idhini tofauti. Kaya yenye ndugu Dubai au London anayeahidi kukata bima ya vito huko kwa bei ya chini inapaswa kulijua sharti hili kabla ya kutuma fedha.

Vito vinavyostahili bima na visivyostahili

Si kila pambo linastahili kukatiwa bima, na ushauri wa kwanza wa unafuu ni kuviacha nje vito ambavyo kaya inaweza kuvinunua tena bila kutetereka. Kampuni nyingi huwa na ada ya chini kabisa ambayo haishuki hata thamani ya mali iwe ndogo namna gani, kwa hiyo mtu mwenye pete moja ya ndoa ya karati 9 na hereni za mchovyo, yaani za madini ya kawaida yaliyopakwa utando mwembamba wa dhahabu, anaweza kujikuta baada ya miaka michache amelipa ada inayokaribia thamani ya vitu vyenyewe. Kwa mtu huyo kufuli nzuri ni bora kuliko hati ya bima.

Hali ni nyingine kabisa kwa kaya ambayo dhahabu ndiyo akiba yake. Katika mji wa ziwani ambako wavuvi, wafanyabiashara wa dagaa na wenye maduka hupata fedha kwa msimu, na katika mkoa ambao uchimbaji mdogo wa dhahabu huendelea katika vijiji vingi vinavyozunguka Mpanda, si jambo la ajabu mwanamke kuwa na seti ya mkufu, bangili na hereni aliyoinunua kidogokidogo, au aliyopewa wakati wa ndoa, ambayo huuzwa sehemu tu pale ada ya shule au ugonjwa unapobisha hodi. Seti ya namna hiyo ikiibwa, kilichoibwa si pambo tena bali ni akiba ya miaka, na hapo ndipo bima inapokuwa na kazi ya kufanya. Kipimo kinachofaa kutumika ni hiki: kito ambacho kupotea kwake kungelazimisha kaya kukopa au kuuza kitu kingine kiingizwe katika bima, na kilicho chini ya hapo kiachwe.

Kupima kabla ya kuuliza bei

Makosa mengi ya bima ya vito huzaliwa kabla mteja hajafika kwa wakala, katika hatua ya kukadiria thamani, kwa hiyo hatua hii inahitaji kuelezwa kwa kirefu kuliko nyingine. Usafi wa dhahabu hutajwa kwa karati, kipimo kinachogawanya uzito wa kito katika sehemu 24: dhahabu ya karati 24 ni dhahabu tupu, ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu na mbili za madini mengine, ya karati 18 ina robo tatu za dhahabu, na ya karati 9 ina dhahabu isiyofika nusu ya uzito wake. Vito vingi hugongwa alama ya usafi kwa elfu, ambapo 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14 na 375 ni karati 9. Alama hiyo huweza kugongwa na mdanganyifu, kwa hiyo haitoshi peke yake, na sonara mwenye ujuzi huikagua kwa kusugua kito juu ya jiwe la kupimia na kudondoshea tindikali, au kwa mashine ya kusoma madini mahali ilipo.

Tofauti ya karati inavyobadili thamani huonekana kwa hesabu fupi. Tuseme gramu moja ya dhahabu tupu ni shilingi 300,000, bei iliyochukuliwa hapa kwa ajili ya mfano tu. Mkufu wa gramu 20 wa karati 22 una dhahabu tupu ya gramu 18.33, kwa hiyo dhahabu iliyomo ni ya shilingi 5,500,000; mkufu wa uzito uleule wa karati 18 una gramu 15, sawa na shilingi 4,500,000; na wa karati 9 una gramu 7.5, sawa na shilingi 2,250,000. Mikufu mitatu inayolingana kwa mizani na kushabihiana kwa macho hutofautiana thamani kwa zaidi ya mara mbili, na mwenye wa tatu akiitaja katika fomu ya bima thamani ya wa kwanza atakuwa analipia kitu asichokuwa nacho. Juu ya thamani ya dhahabu huongezwa gharama ya ufundi, na mawe yaliyopachikwa hupimwa na kuthaminiwa mbali, kwa kuwa uzito wa jiwe si uzito wa dhahabu.

Bei ya gramu haifai kukisiwa. Tume ya Madini hutoa bei elekezi za madini, na masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mikoani mwaka 2019, likiwamo la Mpanda, yamemrahisishia mtu wa Katavi kuijua bei ya siku bila kumtegemea mnunuzi mmoja. Hata hivyo ni lazima kutenganisha bei mbili: bei ambayo sonara angeinunua dhahabu kuukuu, ambayo huwa na punguzo, na bei ambayo mwenye kito angelazimika kulipa dukani ili apate kingine kinachofanana nacho. Bima inayofaa hulenga bei ya pili, na mteja anapaswa kuuliza waziwazi mkataba unatumia ipi.

Tathmini iandikwe. Karatasi ya sonara yenye jina la biashara yake, tarehe, uzito kwa gramu, karati, maelezo ya umbo, idadi na aina ya mawe na thamani ya kila kito, ikiambatana na picha iliyopigwa kito kikiwa juu ya mizani, ni ushahidi ambao mkadiriaji wa hasara, yaani mtaalamu anayetumwa kuchunguza dai, hawezi kuupuuza kwa urahisi. Safari moja ya kwenda Mpanda kwa ajili hiyo inaweza kuonekana ghali kwa nauli, lakini ndiyo gharama yenye faida kubwa kuliko zote katika shughuli hii, hasa ikifanywa na wanawake kadhaa wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa wakienda pamoja kwa sonara mmoja. Na ni busara safari hiyo isitangazwe.

Tathmini hiyo huchakaa haraka kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa mwaka 2023 aunsi moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, iliuzwa katika soko la dunia kwa chini ya dola 2,000 za Marekani. Mnamo Machi 2025 ilivuka dola 3,000, na Oktoba mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Mtu aliyekata bima mwanzoni mwa kipindi hicho akawa anahuisha mkataba kila mwaka kwa kiasi kilekile, amemaliza kipindi akiwa na kinga ya takriban nusu ya mali yake, bila mtu yeyote kumdanganya wala kampuni kuvunja neno.

Adhabu ya hali hiyo hutolewa na kanuni ya uwiano, inayokutwa katika mikataba mingi ya mali. Kwa kanuni hii, mali ikikatiwa bima kwa kiasi kilicho pungufu ya thamani yake, mwenye mali huhesabiwa kuwa amejibebea sehemu iliyobaki, na kila hasara, hata ndogo, hugawanywa kwa uwiano huo. Vito vya shilingi 12,000,000 vilivyoandikwa kuwa vya shilingi 6,000,000 vimekatiwa nusu. Mkufu mmoja wa shilingi 4,500,000 ukiibwa, mteja aliyedhani kwamba hasara hiyo iko chini ya kiwango chake cha milioni sita atalipwa shilingi 2,250,000, na bado makato ya dai, yaani sehemu ya kila hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe, yatatolewa humo. Pale ambapo kila kito kimeorodheshwa peke yake, kiasi kilichoandikwa mbele ya kito hicho ndicho kikomo chake. Baadhi ya kampuni hukubali thamani iliyoafikiwa, yaani pande mbili hukubaliana mapema kwamba kito fulani kikipotea chote kitalipwa kiasi fulani bila mjadala mwingine. Sharti hilo likipatikana kwa nyongeza ndogo ya ada, linafaa kuchukuliwa.

Uthibitisho wa umiliki

Mtu hawezi kukata bima ya mali ambayo kupotea kwake hakumletei hasara inayotambuliwa na sheria. Wanataaluma huliita sharti hili maslahi ya kibima, na katika mazingira ya Katavi halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi, kwa sababu vito vingi havina risiti. Kito kilichonunuliwa dukani kiwe na risiti ya mashine ya kodi; kilichorithiwa kisindikizwe na maandishi ya mgawanyo wa mirathi au barua ya wanandugu iliyoshuhudiwa na mtendaji wa kijiji; kilichotolewa wakati wa ndoa kitajwe katika maandishi yanayoeleza ni mali ya nani, kwani mume anayekata bima ya dhahabu ya mkewe kwa jina lake mwenyewe huandaa ugomvi wa siku ya madai. Picha za zamani za harusi, ambazo mvaaji anaonekana na seti yenyewe, zimo katika ushahidi unaosaidia.

Sehemu ngumu zaidi ni dhahabu iliyotoka moja kwa moja kwa mchimbaji. Sheria ya Madini huzuia kununua, kumiliki au kuuza madini ghafi bila leseni au idhini inayohusika, na mtu aliyepokea gramu chache kutoka mgodini, akampa fundi amtengenezee pete, hana cha kuonyesha atakapoulizwa dhahabu ilitoka wapi. Kampuni ya bima haiwezi kulazimishwa kufidia mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na dai lenyewe linaweza kuamsha maswali yaliyo mazito kuliko hasara. Njia iliyo salama ni dhahabu ipite katika soko la madini au inunuliwe kwa mwenye leseni, na stakabadhi itunzwe pamoja na risiti ya fundi.

Kuna pia mapambo ya kale. Karema ilijengwa kuwa kituo cha Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika mwaka 1879, ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na kwa muda mrefu ilikuwa katika ukanda uliopitiwa na biashara ya pembe za ndovu iliyovuka ziwa kutoka Kongo. Si ajabu basi familia kuwa na bangili ya pembe iliyoachwa na bibi. Bangili hiyo isipelekwe kwa wakala wa bima. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe za ndovu na vitu vilivyotengenezwa kwazo ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila hati ni kosa la jinai hata kama zimerithiwa, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta ushauri wa mamlaka za wanyamapori kuhusu hati.

Vito ndani ya mkataba wa nyumba

Bima ya nyumba na vyombo vya ndani huwa na sehemu kadhaa, na vito huweza kukaa katika sehemu mbili zenye bei tofauti. Sehemu ya kwanza ni ya vyombo vya ndani, inayokinga vitu vilivyomo nyumbani dhidi ya hatari zilizotajwa, kama vile moto, radi, wizi wa kuvunja, mafuriko na tetemeko la ardhi. Sehemu ya pili huitwa hatari zote, na hukinga vitu vilivyoorodheshwa popote vilipo, viwe nyumbani, shingoni au safarini, dhidi ya hasara yoyote ya ghafla isipokuwa zile zilizokataliwa kwa maandishi. Ya kwanza ni rahisi kwa bei, ya pili ni ghali.

Urahisi wa sehemu ya kwanza una mtego ambao wauzaji hawautaji kwa hiari. Mikataba mingi ya aina hii huweka ukomo kwa vitu vya thamani: kitu kimoja huhesabiwa kuwa hakizidi asilimia fulani ya kiasi chote cha vyombo vya ndani, mara nyingi asilimia 5, na vito vyote pamoja havizidi sehemu fulani, mara nyingi theluthi moja. Kaya iliyokata vyombo vya ndani kwa shilingi 15,000,000 ina kinga ya vito isiyozidi shilingi 5,000,000 kwa jumla, na isiyozidi shilingi 750,000 kwa kito kimoja. Mkufu wa shilingi 4,500,000 uliotajwa awali ungelipwa, kwa mkataba huo, sehemu moja kati ya sita ya thamani yake. Dawa yake ni kuutaja mkufu huo kwa jina, uzito na thamani katika jedwali la mkataba, yaani ukurasa unaoorodhesha mali na viwango, na jambo hilo hufanyika kwa kuomba tu. Asiyeomba hubaki na ukomo.

Ushauri wa mwongozo huu kwa kaya ya kawaida ya Karema ni kugawa vito mafungu mawili. Kile kinachovaliwa kila siku, kama kidani chembamba au pete, kiingizwe katika hatari zote iwapo thamani yake inatosha. Seti nzito inayovaliwa harusini na sikukuu mara chache kwa mwaka ibaki katika vyombo vya ndani ikiwa imetajwa kwa jina, kisha wakala aombwe nyongeza ya muda mfupi pale seti inaposafirishwa. Mgawanyo huo huondoa ada ya hatari zote juu ya mali ambayo hukaa sandukuni karibu mwaka mzima, na huenda ukaleta nafuu kubwa kuliko punguzo lolote ambalo wakala angeweza kulitoa kwa kubembelezwa.

Nyumba yenyewe ina neno la kusema katika bei. Kampuni hupendelea nyumba ya tofali au mawe iliyoezekwa bati au vigae, na nyumba ya udongo na nyasi huweza kukataliwa au kutozwa zaidi kwa sababu ya moto. Milango ya chuma, nondo za madirisha na kasha la chuma lililofungwa kwa skrubu sakafuni hupunguza hatari, lakini hupunguza ada kwa yule tu aliyeyataja na kuuliza punguzo lake. Ahadi iliyoandikwa kwenye fomu ya maombi, kwa mfano kwamba vito hulazwa ndani ya kasha, hugeuka sharti la mkataba. Asiyeweza kuitekeleza kila usiku asiitoe. Wizi usio na alama ya kuvunja, wizi unaofanywa na mtu anayeishi humo ndani, na hasara inayotokea nyumba ikiwa imeachwa bila mtu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30, kwa kawaida havina fidia, jambo linalowahusu sana wanaohamia kambi za uvuvi au mashambani kwa msimu mzima.

Kuhusu majanga ya asili, mkazi wa ufuko huu asikubali mkataba ambao mafuriko na tetemeko vimefutwa ili kupunguza ada. Karema iko katika Bonde la Ufa. Mnamo Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko linalohesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi yaliyorekodiwa Afrika katika karne ya 20, na Desemba 5, 2005 jingine la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Ziwa nalo halitulii mahali pamoja: baada ya kuanza kumwaga maji yake kwa nguvu kupitia Mto Lukuga mwishoni mwa miaka ya 1870, lilishuka na kuiacha ngome ya Karema mbali na maji ambayo awali yalikuwa karibu nayo, ilhali katika miaka ya 2020 lilipanda na kumeza nyumba katika fuko nyingi za nchi zinazolizunguka.

Kutafuta bei na kuilinganisha

Bima hununuliwa kwa njia tatu: kwa wakala, ambaye huuza kwa niaba ya kampuni na hulipwa nayo, kwa dalali wa bima, ambaye humtafutia mteja kwa kampuni mbalimbali, na kupitia benki zilizosajiliwa kuwa mawakala. Mpanda ina matawi ya benki kubwa kama NMB na CRDB, na mtu mwenye akaunti anaweza kuanza kuuliza hapo bila kuongeza safari. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963 na lililokuwa peke yake sokoni tangu kutaifishwa kwa bima mwaka 1967 hadi soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, sasa hushindana na kampuni binafsi, na si salama kudhani kwamba jina linalojulikana zaidi ndilo lenye bei ya chini, wala kwamba lina bei ya juu. Kwa msomaji Mwislamu anayetaka kuepuka riba, ipo pia takafuli, mpango wa wanachama kuchangia mfuko wa kusaidiana chini ya usimamizi wa TIRA, na anaweza kuuliza kama unahusu mali za nyumbani.

Bei zilinganishwe kwa kutumia orodha moja ya vito, thamani zilezile na masharti yaleyale, la sivyo ulinganisho hauna maana. Ada huhesabiwa kwa asilimia ya thamani, na juu yake huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa mfano wa hesabu, vito vya shilingi 12,000,000 vikitozwa asilimia 1.5 vitalipiwa ada ya shilingi 180,000 na kodi ya shilingi 32,400, jumla shilingi 212,400 kwa mwaka. Mteja aliyetajiwa 180,000 kwa simu asishangae akifika dirishani. Zaidi ya bei, aulize kiasi cha makato ya dai, ambayo ofisini wengi huyaita eksesi. Kukubali makato makubwa kidogo ni njia halali ya kushusha ada, na inamfaa mwenye vito vichache vizito kuliko mwenye vidogo vingi, kwa kuwa kwa huyu wa pili kila kito kinaweza kumezwa na makato.

Kinga huanza ada inapolipwa, na wakala anayeahidi kwamba mteja yumo tayari ilhali hajalipa chochote asiaminiwe. Malipo yaelekezwe kwa kampuni au benki, kamwe yasitumwe kwenye simu binafsi ya wakala; usajili wa wakala uhakikiwe kwa TIRA, na hati ya bima ihakikiwe katika mfumo wa mamlaka hiyo wa mtandaoni. Fomu ya maombi ijazwe kwa ukweli wote, hata kwa mambo ambayo muuzaji anasema hayana haja, kama wizi uliowahi kutokea nyumbani, kwa sababu mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, na jambo zito lililofichwa huipa kampuni sababu ya kuukana wote. Asiyesoma Kiingereza cha mkataba amtake wakala amwandikie kwa Kiswahili vikomo, makato na hasara zisizofidiwa, kisha karatasi hiyo itiwe saini.

Vito vinapovuka ziwa

Bandari ya Karema iliyojengwa miaka ya karibuni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania inatazamana na Kongo ng'ambo ya pili, na wapo wanaovuka kwa biashara au harusi wakiwa wamevaa dhahabu. Mkataba wa nyumba kwa kawaida una mipaka ya kijiografia, na vito vilivyopotea Kongo havina fidia isipokuwa nchi hiyo imetajwa. Hata ikitajwa, hasara itokanayo na vita, uasi au kukamatwa kwa mali na forodha hukataliwa karibu kila mahali, kwa hiyo kwa safari hiyo kuacha seti nyumbani ni nafuu kuliko nyongeza yoyote ya ada. Kuhusu kito kinachotumbukia majini mtumbwi unapotikisika, hatari zote huweza kukifidia na vyombo vya ndani haviwezi; kito kilichokutwa hakipo, bila mwenyewe kujua lini wala wapi, mara nyingi hakilipwi na yeyote.

Siku ya dai

Hasara ikitokea, polisi waarifiwe mara moja na namba ya taarifa, inayojulikana kama RB, ichukuliwe. Kampuni iarifiwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, hata kama ni kwa ujumbe wa simu utakaofuatwa na barua, kwa kuwa umbali wa Karema hautambuliwi kuwa udhuru katika mikataba iliyoandikwa Dar es Salaam. Mlango uliovunjwa upigwe picha kabla ya kutengenezwa, na barua ya mtendaji wa kijiji itafutwe mapema. Nakala za tathmini, risiti na picha zisihifadhiwe katika sanduku lilelile la vito; nakala moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine au katika simu ya pili.

Mkadiriaji wa hasara akimaliza kazi, kampuni humpa mteja hati ya kukubali malipo, na saini yake hapo kwa kawaida hufunga dai zima. Anayeona kiasi ni kidogo asisaini kwa matumaini ya kudai kilichobaki baadaye, bali alalamike kwanza kwa kampuni, kisha kwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kuwasikiliza wateja bila wao kulazimika kwenda mahakamani. Kampuni nyingi zina haki ya kununua kito kingine badala ya kutoa fedha taslimu, na mteja anayeweza kumtaja sonara anayemwamini ana nafasi nzuri zaidi ya kupata kinachofanana na chake. Na endapo polisi watakipata kito baada ya fidia kulipwa yote, kito hicho ni mali ya kampuni. Mwenye kukitaka kwa sababu ni cha bibi yake anaweza kuomba kurudishiwa kito hicho kwa kurejesha fedha alizopokea, na ombi hilo ni vizuri liandikwe katika nyongeza ya mkataba tangu mwanzo, wakati kito kingali shingoni.